NILIMPELEKA MCHUMBA MLIMANI, NIKAANGUKIA MIKONONI MWA MJOMBA

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali la uchokozi kidogo. Mara ya mwisho wewe na mwenzako mlipotoka wikiendi, mlikwenda wapi? Usijisumbue kujibu, najua. Mlikwenda baa. Nyama choma, bia mbili tatu au soda, muziki wa kupasua masikio, halafu mkarudi nyumbani mfuko umetoboka na maneno mliyozungumza hayafiki kumi. Mwezi uliofuata mkarudi palepale, meza ileile, na mhudumu yuleyule akawaletea chenji pungufu.

Sikucheki, kwani hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kilichonitoa baa si ulokole wala kufunga. Ni ukata. Mwandishi wa kujitegemea kama mimi hulipwa kwa makala, na makala zisipotoka, mchumba anakula mihogo. Basi mhariri aliponiambia nitafute mahali ambapo kijana wa Dar anaweza kumpeleka mwenzake bila kuuza redio ya nyumbani, nikasema moyoni, hapa nimeua ndege wawili kwa jiwe moja. Sikujua kwamba jiwe lenyewe litanirudia usoni.

Wazungu wana majira yao. Baridi ikishaondoka na miti ikianza kuchipua, utawaona baba, mama na watoto wamebeba mabegi mgongoni, wanaingia msituni kutembea. Hawaendi kuokota kuni wala kumwona shangazi mgonjwa. Wanatembea tu. Zamani nikiwaona kwenye sinema nilikuwa nawacheka sana. Sisi hatuna majira hayo, lakini tuna ya kwetu. Masika yanapokata mwishoni mwa Mei na Juni ikaingia na kipupwe chake, milima ya nchi hii huwa kijani mpaka unasikia njaa ukiitazama. Mito bado imejaa, vumbi halijaanza, jua haliumi. Ukitaka kupanda mlima kwa miguu yako, huo ndio wakati wake.

MJI KASORO BAHARI

Nilichagua Morogoro. Sababu ya kwanza ni ukaribu. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, safari imekuwa ya chini ya saa mbili, na ilipoanza nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh. 13,000. Unapanda asubuhi, kabla hujamaliza kusimulia udaku wa mtaani, Milima ya Uluguru hiyo hapo mbele imekaa kama ng'ombe aliyelala.

Sababu ya pili ni kwamba mchumba wangu ni Mluguru. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, lakini kila nilipomuuliza habari za kwao alijibu, "Morogoro," kisha akabadilisha maneno. Mimi kwa uzembe wa kiume nikadhani Morogoro maana yake ni mjini, pale Msamvu penye mabasi. Nilipomwambia tunakwenda kupanda mlima hadi Morningside, alininyamazia muda mrefu kidogo. Halafu akasema, "Sawa." Mwanamke akisema sawa kwa namna ile, mwenye akili huuliza mara ya pili. Mimi sikuuliza.

Siku ya Jumamosi nikavaa raba mtoni nyeupe pee, za kukopa kwa mshikaji, jinzi na miwani ya jua. Yeye akavaa sketi ndefu, kanga begani na viatu vya mpira vya kufunika vidole. Nikamtania kwamba anakwenda sokoni. Akacheka tu.

Bodaboda zilitusogeza hadi lami ilipotuaga, tukaanza kupanda na kijana mmoja mwenyeji anayeongoza wageni. Njia ya Morningside kwa mtembeaji wa kawaida ni kama saa mbili kutoka mjini. Mto Morogoro unaunguruma bondeni, mara uko karibu unarusha mawe, mara unausikia tu nyuma ya migomba. Kila mahali pamelimwa, hata pale ambapo mimi nilidhani mbuzi tu ndiye anayeweza kusimama. Njegere, karoti, kabichi, maharage, na huko juu hata stroberi zile tunazouziwa Dar kwa vipakti.

Dakika ya ishirini nilikuwa nahema kama gari bovu. Akatupita mtoto wa miaka kama kumi akiwa na mzigo wa kuni kichwani, akanisalimia "shikamoo" bila kuhema, halafu akaongeza, "Pole." Msomaji wangu, pole ile ilinichoma kuliko jua.

Wakati huo akina mama walikuwa wanashuka mmoja mmoja, mikungu ya ndizi kichwani, mikono imeachiwa, shingo wima. Wanateremka hivyo hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini, wanauza, wanapanda tena jioni. Njia ambayo mimi nimeifanya matembezi, wao wanaiita barabara ya kazini.

Hapo ndipo nilipoanza kumwona mchumba wangu anabadilika. Kwanza mwendo. Mtu ambaye Dar akitoka kituoni hadi nyumbani analalamika miguu, sasa alikuwa mbele yetu, anapanda kwa hatua fupi fupi za kulingana, haongei. Pili, alianza kusalimia watu kwa Kiluguru. Tatu, penye utelezi alivua viatu, akavishika mkononi. Yule kijana mwongozaji akamtazama, akanitazama mimi na raba zangu zilizokuwa zimeshageuka rangi ya kahawa, akatabasamu kivyake.

Morningside yenyewe ni uwazi wenye nyumba ya zamani ya mawe iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1911. Wajanja wale, walijua kuchagua mahali. Ukikaa pale unaona mji wote wa Morogoro chini, reli, mashamba ya mkonge kwa mbali na Bwawa la Mindu linang'aa kama sarafu. Upepo ni wa baridi, unahitaji sweta saa sita mchana. Mwenye nguvu huendelea juu hadi Bondwa penye minara ya mawasiliano, kimo kinachozidi mita 2,100, lakini huko unaingia kwenye hifadhi ya msitu wa asili, iliyotangazwa mwaka 2008, na lazima uwe na kibali. Kuna pia kilele cha Lupanga, mita 2,138, kile kinachosimama moja kwa moja nyuma ya mji. Hicho ni cha watu wenye mapafu, mimi nakisifu nikiwa chini. Wapenzi wa ndege hupanda kumtafuta ndege mmoja mwenye kofia nyeusi na kifua cha njano ambaye duniani kote yuko Uluguru tu.

"MCHUMBA ALIYECHUMBIWA NA NANI?"

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno matamu ya kumwambia mwenzangu katika mandhari ile, ndipo akapita mama mmoja na kapu la karoti. Alipita, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili. Akamtazama mchumba wangu kama anayesoma barua ya zamani. Kisha akamwita kwa jina ambalo mimi sijawahi kulisikia. Kapu likawekwa chini. Wakakumbatiana, wakalia.

Kumbe yule ni mama yake mdogo. Na kumbe mwenzangu hakuzaliwa mjini hata kidogo. Amezaliwa kitongoji cha juu, mwendo wa dakika arobaini kutoka pale tulipokaa. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na minne, akaja mama mmoja kutoka Dar akaahidi kumsomesha, akamfanya mtumishi wa ndani. Shule hakuiona. Alipotoka kwenye nyumba ile akajifunza ushonaji, na kwao hakurudi miaka tisa. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinijibu, "Wewe ungerudi na nini mkononi? Wenzangu walijua nasoma."

Miaka miwili tumekuwa pamoja, mimi mwandishi, mtu wa kuuliza maswali, na hilo sikuwahi kulijua.

Safari ikabadilika hapo hapo. Tukaiacha njia ya wageni, tukapanda kijinjia cha upana wa mguu mmoja katikati ya migomba, mama mdogo mbele anaita watu. Tulipofika uani, alikuwepo mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, anamenya magimbi. Huyo ndiye mjomba.

Kwa msomaji asiyejua, Waluguru hufuata ukoo wa mama. Ardhi ni ya ukoo wa mama, watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu ya binti ni kaka wa mama yake. Kwa hiyo huyo niliyesimama mbele yake na tope hadi magotini, miwani ya jua kichwani, ndiye mtu ambaye nilipaswa kumtumia mshenga na barua nikiwa nimejificha mbali kabisa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ni nani kwake?"

Nikamtazama mwenzangu. Naye alikuwa ananitazama. Najua wanaume wenzangu, hapo ulimi hutaka kusema "rafiki". Ni neno jepesi, halina gharama. Nikaona nikilisema hilo mbele ya watu waliokuwa wanamlilia, basi hata treni ya kurudi kila mtu atakaa behewa lake.

"Mchumba wake, mjomba."

Mzee akaendelea kumenya gimbi lake mpaka likaisha.

"Mchumba aliyechumbiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Kabla sijakwambia yaliyofuata, naomba nikuache hapo hapo uani ukisubiri kama nilivyosubiri mimi, nikupe njia nyingine za kutembea, maana mhariri ananidai.

SANJE: MSITU USIO NA BARABARA

Kama Uluguru ni ya siku moja, Udzungwa ni ya kulala. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara ya gari. Ukitaka kuiona, ni miguu yako. Makao makuu yako Mang'ula. Unafika kwa basi la Ifakara kupitia Mikumi na Kidatu, au kwa treni ya TAZARA kama huna haraka na maisha.

Nilikwenda na washikaji wawili. Njia inayopendwa ni ya maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake yanaanguka mita 170 kwa hatua hatua. Kuzunguka ni kama saa nne. Unapanda ndani ya msitu mnene, jasho linatoka hata kope, halafu ghafla unatokea kwenye bwawa la maji baridi katikati ya maporomoko. Tulitumbukia na nguo zetu. Ukikaa juu unaliona Bonde la Kilombero lote limetandikwa mashamba ya miwa, na hapo ndipo utakapojua sukari ya chai yako inaanzia wapi.

Wako mbega wekundu ambao ni wa eneo hilo tu. Yuko pia nyani mmoja wa kijivu ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1979, wakampa jina la Sanje. Wataalamu husema waligundua. Wenyeji walikuwa wakimfukuza mashambani siku zote. Wasio na haraka huchukua njia fupi ya Sonjo, na wenye roho ngumu hupanda kilele cha Mwanihana, siku tatu na usiku mbili hemani.

Jambo moja lilinikaa. Hadi mwaka 2011 wanavijiji wa pembezoni waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka huo ruhusa ikafutwa ili msitu upumue. Nilimuuliza mama muuza maandazi pale Mang'ula analionaje hilo. Akasema, "Msitu ni mzuri, mto haukauki. Lakini maandazi hayaivi kwa kuutazama." Sina la kuongeza.

LUSHOTO NA AMANI: KWA WAPENZI WA BARIDI

Usambara ndiko kwa kumpeleka mtu asiyependa shida. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine usitazame. Kutoka mjini Lushoto unatembea taratibu hadi Irente, ukingo wa mlima unaokatika ghafla, na chini yako tambarare inakwenda mpaka macho yachoke. Njiani utapita mashamba ya mboga na miti ya matunda, na watoto watakuuzia matunda ya msimu. Ukipata nafasi, kula mkate na jibini ya huko, halafu nilaumu.

Mashariki yake ni Amani, juu ya Muheza. Mwaka 1997 ndipo msitu huo ulipotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, wa kwanza wa aina hiyo nchini. Wajerumani waliweka bustani ya mimea hapo mwaka 1902, na miti yake ya nje bado imesimama. Kuna ua dogo la zambarau ambalo wazungu hulipenda sana, wanaliweka madirishani kwao Ulaya na Marekani. Asili yake ni misitu ya kwetu, Usambara na Uluguru. Mimi nimelipita mara nyingi nikidhani ni majani.

KITULO: MAUA TUPU

Hii ndiyo inayofanana hasa na yale majira ya wazungu, ila kalenda yake ni tofauti. Maua ya Kitulo hutoka wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Ni uwanda wa juu wa Nyanda za Juu Kusini, kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya joto kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Nilikwenda Februari nikitokea Chimala, barabara ile ya kona hamsini na saba, nikafika tumbo liko kooni. Lakini juu kule, ndugu yangu, ni maua mpaka upeo wa macho, meupe, manjano, mekundu, na ukungu unapita katikati yake kama mtu anayetafuta alichodondosha.

Yamo maua ya jamii ya okidi aina zipatazo 45. Viazi vya okidi hizo vimekuwa vikichimbwa na kusafirishwa hadi Zambia kutengenezea chakula kinachoitwa chikanda, na hilo ni moja ya mambo yaliyosukuma kuwekwa kwa hifadhi. Kwa hiyo kanuni ni moja, ua ni la kutazama. Usimchumie mpenzi.

PUGU: KWA ASIYE NA NAULI

Na kama mfuko umekauka kabisa, panda daladala hadi Gongo la Mboto, uunge usafiri wa Kisarawe. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iko hapo hapo, njia za kutembea zipo, na kuna mapango ya machimbo ya zamani yenye popo wasiohesabika. Jioni unarudi kwenu. Ukikosa hata hiyo, basi lala.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwanza viatu. Raba yenye meno chini, tena ya kwako. Ya kukopa utalipa, mimi nimelipa. Suruali ndefu au sketi inayokuruhusu kupiga hatua, sweta, na koti la mvua hata kama anga ni safi, maana mlimani mvua haipigi hodi.

Pili, usiende bila mwenyeji. Ndani ya hifadhi za taifa za msituni utapewa mwongozaji, na kwenye vilele vya Uluguru ukungu ukishuka hata njia uliyopitia dakika tano nyuma huioni. Udzungwa kuna tembo.

Tatu, malipo. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kidogo mno ukilinganisha na mgeni wa nje anayelipa kwa dola. Watu wengi hawaendi wakidhani ni mambo ya watalii. Usibebe maburungutu, utapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Beba kitambulisho.

Nne, maji, lita mbili kila mtu, na anza asubuhi. Tano, salimia watu. Njia ile ni ua wa mtu.

TURUDI UANI KWA MJOMBA

Aliponiona sina jibu, mzee alinionea huruma. Akasogeza kigoda kingine. Tukaletewa magimbi na maharage, tukala. Mchumba wangu alikuwa ndani na wanawake, nasikia sauti tu, mara kicheko, mara kimya.

Mjomba akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema naandika magazeti. Hapo akaacha kula. Akanionyesha kijito kilichopita chini ya migomba. "Unajua hiki kinakwenda wapi?" Nikasema sijui. Akanihesabia kwa vidole. Kinaingia Mto Morogoro, Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayokunywesha Dar es Salaam.

"Mwaka 2022 maji yalipokuwa ya mgawo kwenu, redio zikasema tatizo ni sisi tunaolima huku juu. Si ndivyo?"

Nilikumbuka mwaka ule, Oktoba na Novemba, tulivyokesha na ndoo Dar kwa sababu Ruvu ilipungua. Nikakumbuka pia kwamba hata mimi nililalamika kuhusu watu wa milimani wanaokata miti, bila kumjua hata mmoja.

Mzee hakukasirika. Alikubali kwamba wapo wanaochoma moto na kulima hadi ukingo wa mto, na kwamba watoto wake wanavuna kidogo kuliko yeye kwa sababu udongo unateremka. Lakini akanisimulia habari aliyoachiwa na baba yake. Wakati wa Waingereza, watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milima yote. Kazi ya shuruti, na udongo wa chini usio na rutuba ukatoka juu. Mwaka 1955 wakagoma, vurugu ikatokea huko Matombo, mtu akauawa, na mpango ule ukaachwa. "Walikuja na jibu kabla ya swali," alisema. "Na nyinyi wa magazeti msije hivyo. Njooni muulize kwanza."

Ndiyo maana nimeandika hapa, msomaji. Ukifungua bomba lako Sinza au Temeke na maji yakatoka, kuna mtu yuko mlimani kwenye kipande kidogo cha shamba, anaombwa asikilime ili wewe uoge. Ni haki kumwomba. Ni haki pia kujua anakula nini.

Jua lilipoanza kushuka, mjomba akamwita mpwa wake nje. Hakumgombeza. Alimchukua hadi nyuma ya nyumba, mimi nikafuata kwa mbali, akamwonyesha kipande chenye migomba na njegere. "Hili ni la mama yako," akamwambia. "Mama yako mdogo analilima. Halijagawiwa mtu. Mwenyewe alikuwa hajaja."

Mwenzangu alichuchumaa, akashika udongo, akakaa hivyo muda mrefu. Mtu aliyeogopa kurudi kwa sababu mikono ilikuwa mitupu, kumbe kilichokuwa kinamngoja hakikuhitaji ajaze mikono.

Tulishuka giza linaanza, mama mdogo akitumulikia kwa tochi ya simu, mkungu wa ndizi kichwani kwangu. Naam, kichwani kwangu. Niliudondosha mara tatu. Tuliikosa treni tuliyoikusudia, tukalala Morogoro, yeye chumba chake na mimi changu, kwa amri ya mjomba.

Na sharti la mjomba ni hili. Mshenga aje, wazee wetu waje, na wapande njia ile ile kwa miguu yao. Asije mtu akamwita mjini kwenye hoteli. "Anayetaka kwetu," alisema, "aje akujue."

Baba yangu ana miaka 61 na goti la kushoto bovu. Nilipompa habari alinitukana, halafu akauliza mlima wenyewe una urefu gani. Tangu wiki iliyopita, kila jioni anazunguka uwanja wa shule ya msingi ya mtaani kwetu mara nne, fimbo mkononi, na majirani wanadhani daktari kamwandikia. Kwa sasa goti linaendelea vizuri. Kilichobaki ni mshenga. Msomaji mwenye maneno mazuri na miguu imara, nafasi ipo wazi.